Majina Matatu ya Mama Maabara

Kwenye maabara ya hospitali yetu pale Sumbawanga kulikuwa na stuli moja ya mbao isiyokaliwa na mtu mwingine. Juu yake alikuwa ameweka kitenge kilichokunjwa mara nne, na kitenge kile kilishachukua umbo lake kiasi kwamba hata asipokuwepo uliona kwamba kiti kina mwenyewe. Mgeni aliyekosea akakikalia hakufukuzwa. Yeye alisimama tu nyuma yake, kimya, kalamu sikioni, mpaka mgeni mwenyewe akaona aibu akainuka.

Tulimwita Mama Maabara. Wagonjwa walimwita hivyo, madaktari walimwita hivyo, na mlinzi wa getini akiulizwa vipimo vinachukuliwa wapi alijibu nenda kwa Mama Maabara. Hakuwa na mtoto ambaye tungemwita kwa jina lake, mama fulani, kwa hiyo alipewa jina la chumba. Mimi niliyefanya naye kazi miaka sita nilimwita hivyo hivyo. Jina lake la kwenye vyeti sitaliandika hapa, kwa sababu yeye mwenyewe amenikataza. Alikuwa na haki ya kunikataza, na nikifika mwisho utaona kwa nini.

Nilifika kwake nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nikijiona najua. Mimi ni mtoto wa kike wa Katandala, hapo hapo mjini. Baba alikuja Rukwa kwa uhamisho wa serikali kutoka Mbeya, akajenga, akabaki. Nyumbani kulikuwa na kabati la vitabu, na siku za Jumapili baba alitukataza kuongea Kiswahili mezani ili Kiingereza kituzoee. Nayataja haya si kwa kujisifu. Ni kwamba vitu hivyo vidogo vya nyumbani kwetu ndivyo vilivyokuja kunibeba mimi, na kuvikosa ndiko kulikomwangusha yeye, ingawa kichwani alinizidi mbali sana.

Siku ya kwanza alinipa slaidi, akaniweka kwenye maikroskopu, akaniuliza naona nini. Nikaangalia, nikamwambia nadhani ni malaria. Akaichukua slaidi ile, akanipa nyingine. Nikasema nadhani hii ni hatua za mwanzo. Akanipa ya tatu, ya nne. Mpaka mchana nilikuwa nimeshatoa magonjwa manne. Ndipo akaniambia kwamba zote zilikuwa slaidi safi, amezipaka maji tu.

"Usiniambie unachofikiri," alisema. "Niambie unachoona."

Wiki nzima ile alinikalisha na slaidi tupu, mpaka nikajifunza kutamka maneno mawili: sioni kitu. Alisema mtu asiyeweza kusema sioni kitu hafai kukaa kwenye maabara, akalime. Nilikasirika sana. Nilimsimulia baba jioni, naye akasema mama huyo ana wivu na wasomi. Mungu amrehemu baba, hakumjua.

Neno lake jingine lilikuwa "rudia". Hesabu ikitoka sawa, rudia. Ikitoka tofauti, rudia. Daktari mmoja kijana aliyeletwa kutoka Dar aliwahi kumwandikia mgonjwa dawa za malaria kabla majibu hayajatoka, kisha akaja kudai majibu yanayolingana na dawa alizokwisha kuziandika. Mama Maabara hakubishana naye. Alimwachia stuli, jambo ambalo sikuwahi kuona akilifanya kwa mtu mwingine, akamwambia aangalie mwenyewe. Yule daktari akaangalia muda mrefu. Alipoinuka alikwenda wodini akabadilisha dawa, na tangu siku hiyo akawa anamwamkia shikamoo kutoka mbali.

Usije ukadhani alikuwa mtu wa kupendeka muda wote. Alikuwa bahili wa glovu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alizihesabia mkononi mwako, na ukichana moja ulitoa maelezo. Alikuwa na kinyongo. Alimnunia mpishi wa hospitali mwaka mzima kwa sababu ya maharage mabichi. Kanisani aliimba sauti ya pili kwa nguvu hadi mwalimu wa kwaya akamwomba apunguze, akahama kwaya. Na mtu huyo huyo, katika ule upepo wa mwezi wa saba unaokata masikio pale mjini, alikuja asubuhi na chupa ya chai aliyoibeba kutoka kwake, akawamiminia wagonjwa waliotoka vijijini na kulala kwenye benchi la nje, kisha akaingia ndani kutugombeza sisi kwa kuchelewa.

Kichekesho kikubwa kilikuwa nyama. Katika Rukwa nzima hakuna mtu aliyejua habari za nguruwe na minyoo yake kama yeye, na hakuna mtu aliyeipenda kitimoto kama yeye. Jumapili baada ya misa alikwenda kwenye kibanda kimoja, akasimama juu ya mchomaji kama mkaguzi, akamwamuru arudishe jikoni kila kipande chenye wekundu. Nilimuuliza anawezaje kuila baada ya yote anayoyaona kwenye maikroskopu. Akanijibu kwamba yeye na nguruwe hawana ugomvi, ugomvi wake ni na moto mdogo na nyumba zisizo na choo.

Huo ugomvi ndio uliokuwa maisha yake.

Kwetu Ufipa mtu akianguka kifafa watu hurudi nyuma. Wanaogopa povu; wanasema likikugusa na wewe utaanguka. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kifafa huko vijijini wana makovu ya moto: walianguka jikoni, kwenye mafiga, na waliokuwepo wakasita. Siku moja dada mmoja alianguka kwenye foleni yetu. Watu wakatawanyika kama kuku. Mama Maabara akatoka na kitenge cha stuli, akamlaza yule dada ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akamfuta povu kwa mkono mtupu. Dada alipotulia, Mama akasimama, akaigeukia foleni huku mkono wake ungali umelowa, akaongea nao kwa Kifipa, kwa utulivu. Niliomba nitafsiriwe. Alikuwa amewaambia: mnaniona, bado nimesimama.

Nilielewa zaidi aliponichukua nyumbani kwao, kijiji kimoja upande wa barabara ya kwenda Matai. Aliishi huko siku za mapumziko na mdogo wake wa kike, mama mpole mwenye macho ya kucheka. Mkono wa kulia wa yule mdogo wake ulikuwa umekunjamana na vidole vimeshikana, ngozi yake inang'aa. Alitupakulia ugali wa ulezi kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyenieleza kitu wala sikuuliza. Tuliporudi mjini Mama Maabara alisema tu kwamba siku ile mdogo wake alipoangukia mafiga yeye alikuwa shuleni.

Alikuwa ameligundua jambo, na aliligundua peke yake. Alikuwa akipima choo cha watu, anakuta mayai ya tegu, ule mnyoo wa nguruwe, halafu baadaye anasikia kwamba katika nyumba ile ile, au nyumba ya pili, kuna anayeanguka. Akaanza kuandika. Aliandika kwenye kauntabuku, zile daftari nene za jalada gumu, kwa mwandiko mdogo wa kubana karatasi. Kwa kuwa kifafa ni aibu, na binti anayejulikana kwamba kwao kuna kifafa haposwi, hakuandika majina. Kila nyumba aliichora. Kamchoro kadogo pembeni ya mstari: mparachichi ulioinama, mlango wa bati lenye kiraka, mawe matatu mbele ya zizi. Alisema maabara inahitaji sampuli, jina la mtu ni la kwake mwenyewe. Asiyezijua nyumba zile asingeweza kuisoma kauntabuku hata angeiiba.

Jumamosi alipanda bodaboda kwenda kwenye magulio ya nguruwe. Wanunuzi wa kule wana utaratibu wao: humlaza nguruwe ubavu, humpanua mdomo kwa kijiti, huuvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa kwa chini. Wakikuta vipunje kama vya mchele, nguruwe huyo wanamwacha. Mwanzoni walimkimbia wakidhani ametumwa kufunga gulio. Akaketi nao, akala nao kitimoto, akawatania, na baada ya miezi michache wakawa wanamwita wenyewe aje aone ulimi. Yeye aliuliza swali moja tu: nguruwe huyu katoka nyumba gani. Halafu akarudi na kuweka alama juu ya ramani aliyoichora nyuma ya kalenda ya zamani ya parokia. Nyumba zenye nguruwe wa vipunje, nyumba zenye mayai ya tegu, nyumba zenye watu wanaoanguka. Zilikuwa zimekaa pamoja, zinapakana. Nilipoiona ramani ile mara ya kwanza nywele zilinisimama.

Watu wengi walidhani kula nyama mbichi kunakupa kifafa moja kwa moja. Yeye aliwaeleza kinamama kliniki kwa namna ambayo hata mtoto angeelewa: nyama isiyoiva inakupa mnyoo tumboni, na mavi ya mwenye mnyoo, kama hana choo wala hanawi, ndiyo yanayopeleka mayai kwenye mboga na kwenye maji, na mayai hayo ndiyo yanayopanda mpaka kichwani mwa jirani. Kwa hiyo hakuna aliyerogwa. Wengine walicheka, wengine walikwenda kuchimba choo.

Alitaka kusoma zaidi. Ndicho kitu kimoja alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe katika miaka yote niliyomjua. Alikuwa na stashahada, akajiendeleza ukubwani mpaka shahada, akisoma Dar pamoja na watoto wa umri wa wapwa zake. Huko walimtania walipojua anatoka Sumbawanga: mama usituroge, mama tuachie ungo. Akawajibu kwamba angekuwa mchawi asingefeli mtihani wa jana. Aliisimulia hadithi hiyo kwa kucheka, na ni siku moja tu aliponiambia kwamba hakucheka wakati ule. Alikwenda kukaa chooni mpaka kengele ikalia.

Baada ya hapo aliomba ufadhili wa shahada ya uzamili, ili aje afanye utafiti wake kwa jina lake. Mara ya kwanza alipata nafasi, akanyimwa ruhusa kazini. Walimwambia hakuna wa kukaa maabara. Alikuwa mzuri mno kuruhusiwa kuondoka, na wale wavivu miongoni mwetu waliruhusiwa kila mwaka. Mara ya pili aliitwa kwenye usaili, wa Kiingereza. Alirudi na basi, akaingia maabara na koti la safari, akaketi kwenye stuli. Alisema walimuuliza maswali matano, na walipofika la tano yeye alikuwa bado analisafirisha jibu la swali la pili kutoka Kifipa kwenda Kiswahili kwenda Kiingereza. Niliona haya kwa ajili ya ile meza ya baba ya Jumapili. Maswali yale ningeyajibu nikiwa usingizini, ingawa sikuwa na utafiti wowote wa kuuelezea.

Mara ya tatu ingekuwa ya mwisho, maana ukomo wa umri ulikuwa unamfikia. Sharti jipya lilikuwa hili: mwombaji awe na jina lake kwenye angalau andiko moja la utafiti lililochapishwa.

Ndipo walipokuja watafiti kutoka pwani, magari mawili, wakitafuta mahali pa kuchunguza kifafa na tegu. Kiongozi wao, tuliyemwita Profesa, alikuwa mtu mwenye adabu, na sina nia ya kumtwisha yeye mzigo huu. Mimi nilihamishiwa kwao kama msaidizi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Mama Maabara aliwapa kauntabuku zote na ramani ya kalenda. Aliwatembeza nyumba kwa nyumba, maana nani mwingine angejua mparachichi ulioinama uko wapi. Walipomuuliza anataka nini, alisema mbele yangu, akiwa amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti:

"Mimi nataka jina langu liwemo. Basi."

Profesa akasema bila shaka, Mama, bila wewe tusingekuwa hapa. Na alimaanisha. Ila hakuliandika mahali popote.

Andiko lilipokamilika nilipewa mimi kazi ya kujaza fomu ya majina ya waandishi. Majina matatu ya kila mtu kama yalivyo kwenye vyeti, elimu yake, na mahali pa kazi. Mama Maabara alikuwa vijijini upande wa Kasesya akikusanya sampuli za mwisho, simu haipatikani. Na mimi, baada ya miaka sita, sikuyajua majina yake. Kwenye orodha ya zamu aliandikwa kwa herufi mbili. Nililelewa kwamba mkubwa haulizwi jina lake, ni kama kumvua nguo, na Wafipa niliofanya nao kazi walikuwa hivyo hivyo. Tulimheshimu kwa kutokulijua.

Kwa hiyo kwenye nafasi yake nikaandika "Mama Maabara". Niliandika kwa moyo mweupe kabisa. Kwa akili yangu hapakuwa na mtu Rukwa asiyemjua mtu huyo.

Profesa aliposoma fomu alitabasamu. Akasema hili si jina, hiki ni cheo. Kama hatuna jina kamili tumweke kwenye shukrani, mwishoni, pamoja na wafanyakazi wa maabara. Fomu ilikuwa inatakiwa baada ya siku mbili. Siku mbili ni nyingi. Masjala ya hospitali ilikuwa hatua chache kutoka niliposimama. Karani angefungua jalada lake nikayanakili majina kabla chai haijapoa. Bodaboda ingefika Kasesya na kurudi.

Lakini Profesa alikuwa ameshasema kwamba orodha ni ndefu, huenda wengine wakapunguzwa. Wa mwisho kwenye orodha ile nilikuwa mimi. Na barua yangu ya kupendekezwa kwenda kusoma nje ilikuwa mezani kwake, inasubiri sahihi. Nikasema sawa. Heshima nimeitaja hapo juu na ni ya kweli, ila ilinifikisha kwenye fomu tu. Kutoka pale kwenda mbele ulikuwa ni woga na tamaa, vyangu mimi, na havina kabila.

Aliporudi kutoka Kasesya, vumbi mpaka kwenye kope, aliniuliza kama andiko limeshapelekwa. Nikasema limepelekwa. Akaniuliza, "Nimo?" Nikasema Profesa ameshughulikia. Akafurahi, akaninunulia migebuka mikubwa ya ziwani kutoka Kasanga, akanikaangia mwenyewe. Niliila yote.

Miezi michache baadaye nikaondoka kwenda kusoma. Andiko likatoka. Yeye akatuma maombi yake ya tatu na kulitaja andiko lile kama lake. Majibu niliyapata kwa mwenzetu mmoja wa maabara aliyenitumia ujumbe kwenye simu: barua ya Mama imerudi, wameandika kwamba wameangalia andiko alilolitaja na jina lake halionekani, na kwamba waombaji wanakumbushwa kusema ukweli.

Wanakumbushwa kusema ukweli. Aliyeambiwa hivyo ni mtu aliyenikalisha wiki nzima na slaidi tupu ili nijifunze kutodanganya. Nilisoma ujumbe ule kwenye ukumbi wa chuo, nchi ya watu, nikaingia darasani. Sikumpigia. Sikumwandikia Profesa. Nilipokuja likizo nilimtumia kitenge kwa mkono wa mtu. Kitenge, jamani. Sikupata jibu lolote.

Miaka ikapita, nikawa daktari wa utafiti, na kila niliposimama mbele ya watu kueleza habari za tegu na kifafa nilionyesha ramani safi ya kompyuta, yenye vidoti vya rangi. Watu waliipigia makofi. Chini ya kila kidoti mimi nilikuwa nauona mparachichi.

Mwaka huu nikapata mradi unaonirudisha Ufipa. Nilimaliza siku tatu mjini nikitafuta sababu ya kutokwenda. Ya nne nikamwambia dereva tushike barabara ya Matai, na mwisho wa njia nikashuka nikatembea. Begi langu lilikuwa na andiko lile, nililolichapa kwenye karatasi nzuri. Nilitaka kupiga magoti tu, sikuwa nimefikiria zaidi ya hapo.

Mdogo wake alikuwa uani anapepeta ulezi, ungo ameushikilia kwa kiwiko cha mkono ule uliokunjamana. Akanipokea kwa furaha ambayo sikuistahili. Dawa za kifafa alizotafutiwa na dada yake anazinywa mpaka leo, aliniambia. Hajaanguka muda mrefu hata amesahau kulivyokuwa. Dada yake yuko ndani. Kisha akashusha sauti: macho yameondoka. Presha ya macho. Limeanza moja, likafuata la pili.

Nilisimama mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini karibu na dirisha, uso kwenye mwanga, kalamu sikioni. Kalamu, na haoni. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kabla hata hajafungua mdomo.

Nikasema shikamoo Mama. Akasema marahaba, mtoto wa Katandala, nimezijua hatua zako tangu uani, bado unaburuza kisigino. Akaniuliza habari za masomo, za mume, za mama yangu mjini. Akauliza kama pale maabara wameleta maikroskopu mpya, na nani anakalia stuli. Sikujua nani anaikalia. Mdogo wake akaleta uji wa ulezi, akaondoka. Kisha Mama akauliza kama nimelileta lile andiko.

Nikatoa karatasi. Akanyoosha mkono, akazipapasa pembe zake, akanirudishia.

"Nisomee majina."

Nikasoma. Profesa kwanza, kisha wenzake mmoja mmoja, na vyuo vyao. Nikafika la mwisho, langu, nikalisoma haraka.

"Endelea," alisema.

"Yameisha, Mama."

"Rudia."

Nikarudia kuanzia juu. Nilipofika mwisho nilianza kumweleza, nikasema Mama, nadhani wakati ule Profesa alikuwa na haraka, nadhani kulikuwa na… Akainua mkono mmoja, ule ule uliofuta povu.

"Usiniambie unachofikiri. Unaona nini?"

"Sioni jina lako," nikasema. "Halimo, Mama. Sikuwa nalijua, na nilikuwa na siku mbili za kuuliza, sikuuliza. Niliogopa wangetoa langu."

Hakushangaa. Alikuwa na ile barua ya kukataliwa miaka yote hii, alijua kila kitu isipokuwa hayo ya mwisho. Alikaa akiwa ameelekea dirishani. Machozi yalitoka kwenye macho yale yasiyoona, akayaacha yashuke, na mimi nilikuwa nalia chini karibu na miguu yake wala hakuniinua. Alisema tu kwamba ilimuuma kuitwa mwongo. Kukosa chuo alishazoea.

Baada ya muda mrefu akayataja majina yake. La ubatizo, la baba, la ukoo. Aliyataja polepole, kama mtu anayejiandikisha kwa karani. Ni majina mazuri. Nikafungua begi nikatoa kalamu na daftari, nikamwambia nitawaandikia waliochapisha, kuna utaratibu wa kusahihisha, jina linaweza kuongezwa hata sasa.

Alisikia karatasi.

"Weka chini," akasema. "Ukiliandika leo litakuosha wewe, halitanisomesha mimi. Nataka uyajue tu. Yaseme."

Nikaweka kalamu chini. Nikayasema majina yake kwa mdomo wangu kwa mara ya kwanza, mkubwa wangu, mwalimu wangu, nikakosea la katikati.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nje mdogo wake alikuwa ameacha kupepeta, anasikiliza. Nikakosea tena, akanirekebisha, nikarudia, mpaka nikayasema yote matatu bila kosa, na uji ulikuwa umeshapoa.